Shule yetu inachoma kuni kiasi gani? Jinsi ya kupima hewa ukaa ya shule



Mgonjwa anapofika zahanati na kusema ana homa, kazi ya kwanza ya muuguzi siyo kumpa dawa. Kwanza humpima joto, akaliandika kwenye kadi. Bila kipimo hatujui homa ni kubwa kiasi gani, na baada ya dawa hatutajua kama mgonjwa amepata nafuu au la.

Siku hizi tunasikia mara kwa mara, redioni na katika mikutano ya vijiji, habari za mabadiliko ya tabianchi, hewa ukaa na nishati safi ya kupikia. Wazazi wengi wanauliza: Je, mambo haya yanatuhusu nini sisi wa Karatu na Ngorongoro ambao hatuna viwanda? Mwezi huu tutaeleza jinsi shule yoyote inavyoweza kupima hewa ukaa inayotoa, kwa kutumia mizani, daftari na kalamu. Tumechagua shule kwa sababu jiko lake mara nyingi ndilo jiko kubwa kuliko yote kijijini, na moshi wake unagusa afya ya wapishi, watoto na akina mama wanaotafuta kuni.

HEWA UKAA NI NINI?

Kila kitu kilichowahi kuwa na uhai kina kaboni ndani yake. Ukiunguza gogo likabaki jeusi, ule weusi wa mkaa ndio kaboni. Kuni zikiungua, kaboni hiyo huungana na oksijeni ya hewani na kuwa hewa ukaa. Haionekani wala hainuki. Hata sisi tunaitoa tunapopumua.

Hewa ukaa hulifunika dunia kama blanketi. Blanketi la kiasi ni jema, maana bila hilo dunia ingekuwa baridi mno. Lakini kabla ya viwanda kuenea Ulaya, katika kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwamo sehemu 280 hivi za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Blanketi limekuwa zito, na joto linazidi.

Watu wengine hushangaa wakiambiwa kuwa kilo moja ya kuni kavu hutoa zaidi ya kilo moja ya hewa ukaa. Inawezekanaje kitu kutoa uzito kuliko chenyewe? Jibu ni kwamba oksijeni nayo ina uzito. Karibu nusu ya kuni kavu ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ikiungana na oksijeni hutoa kilo 3.67 za hewa ukaa. Ndiyo maana kilo moja ya kuni zilizokaushwa juani hutoa kama kilo 1.75 za hewa ukaa.

YANATUHUSU NINI?

Inafaa tuseme ukweli wa haki. Hewa ukaa itokayo kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi, ukiigawa kwa kila mtu, Mtanzania mmoja hutoa karibu robo ya tani kwa mwaka. Mmarekani mmoja hutoa kama tani 14. Wastani wa dunia nzima ni karibu tani 5. Basi hakuna anayeweza kusema kuwa shule ya Rhotia au Endulen ndiyo iliyochafua anga.

Lakini madhara hayaulizi nani alianza. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, hivyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi, na ukame nao huwa mkali zaidi. Wakazi wa Ngorongoro wanakumbuka mvua nyingi za mwishoni mwa mwaka 2006. Baada yake, mwanzoni mwa 2007, homa ya Bonde la Ufa ilianza katika wilaya ya Ngorongoro, ikaenea katika mikoa kumi na kuua watu zaidi ya 100. Ugonjwa huo huenezwa na mbu wanaozaliana kwa wingi baada ya mafuriko, na pia kwa kugusa damu ya wanyama wagonjwa. Miaka miwili baadaye, 2009, ukame uliua ng'ombe wengi wa wafugaji wa kaskazini, na mifugo ikifa watoto hukosa maziwa. Hatuwezi kusema kuwa mvua fulani au ukame fulani uliletwa na hewa ukaa peke yake, bali dunia inapopata joto tutegemee misimu ya namna hiyo mara nyingi zaidi.

Hali kadhalika tuna msitu wetu. Msitu unaofunika miteremko ya Ngorongoro na Oldeani upande wa Karatu ndio unaokamata mvua na ukungu na kulisha vijito na chemchemi zetu. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola wanategemea maji yatokayo nyanda hizo za juu. Msitu ukipungua, maji hupungua. Maji yakipungua, magonjwa ya kuhara na ya macho huongezeka. Kwa hiyo sababu kubwa ya kupima siyo kuwafurahisha watu wa mbali. Faida ya kwanza ni yetu wenyewe.

MAMBO YA KUPIMA

Shule ichague mwaka mmoja na kuandika kila kitu kilichochomwa au kutumika katika mwaka huo. Kila kitu kina namba yake ya kuzidishia. Hizi hapa ni namba za karibu, zinazotosha kwa kazi yetu:

1. Kuni kavu: kila kilo hutoa kilo 1.75 za hewa ukaa.
2. Mkaa: kila kilo hutoa kama kilo 3 unapowaka. Zaidi ya hapo, kilo moja ya mkaa wa tanuri la kienyeji imekula kilo 6 hadi 10 za kuni porini.
3. Dizeli: kila lita hutoa kilo 2.7. Petroli: kila lita hutoa kilo 2.3.
4. Gesi ya mtungi: kila kilo hutoa kilo 3.
5. Umeme: sehemu kubwa ya umeme wa gridi yetu hutokana na maji na gesi asilia. Tukichukua nusu kilo kwa kila uniti hatutakuwa tumejipunja.
6. Ng'ombe wa shule, kama wapo: ng'ombe mmoja hucheua na kutoa kama kilo 30 za gesi ya methani kwa mwaka. Nguvu ya gesi hiyo katika kuhifadhi joto ni sawa na karibu kilo 850 za hewa ukaa.

Shule za bweni za huko juu Ngorongoro zisisahau safari za magari. Kilimo hakiruhusiwi ndani ya hifadhi, hivyo mahindi na maharage hupandishwa kwa lori kutoka Karatu. Dizeli ya safari hizo ni sehemu ya chakula cha watoto.

JINSI YA KUPIMA KUNI

Mafuta yana risiti na umeme una mita. Kuni ndizo zenye kazi. Fuateni hatua hizi:

(a) Tafuteni mizani. Mizani ya kuning'iniza inayotumika kliniki kupimia watoto hubeba kilo 25, inatosha. Mzigo mkubwa ugawanywe mara mbili. Zahanati ikiombwa vizuri inaweza kuwaazima siku ambayo si ya kliniki.

(b) Jumatatu asubuhi, kabla moto haujawashwa, pimeni kuni zote zilizopo jikoni. Andikeni.

(c) Kila kuni zinazoletwa katika wiki hiyo zipimwe kabla ya kuingia. Andikeni.

(d) Ijumaa jioni pimeni zilizobaki. Andikeni.

(e) Chukueni za mwanzo, jumlisheni zilizoletwa, toeni zilizobaki. Jibu ndilo lililochomwa.

Wauguzi watatambua kuwa hii ni sawasawa na chati ya maji ya mgonjwa: yaliyoingia, yaliyotoka, na tofauti yake.

Pimeni kuni kavu. Karibu nusu ya uzito wa kuni mbichi inaweza kuwa maji, nayo mtahesabu maji mkidhani ni kuni. Pia rudieni kipimo katika majira mengine, wiki moja ya kiangazi na wiki moja ya masika, kwa kuwa kuni zenye unyevu huchomwa nyingi zaidi.

MFANO WA HESABU

Tuchukue mfano wa shule ya kutwa yenye wanafunzi 400, inayopika uji na makande kwa mafiga ya mawe. Tuseme Jumatatu walikuwa na kilo 640 za kuni, wakaletewa kilo 300, na Ijumaa zikabaki kilo 190. Walichoma kilo 750, yaani kilo 150 kwa siku.

Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. 150 mara 194 ni kilo 29,100, yaani tani 29 za kuni. Zidisha kwa 1.75, unapata kilo 50,925 za hewa ukaa.

Tuseme tena shule hiyo ilitumia lita 1,000 za dizeli kwa jenereta na gari: kilo 2,700. Uniti 2,400 za umeme: kilo 1,200. Kilo 600 za mkaa kwa chai ya walimu: kilo 1,800. Jumla yote ni kilo 56,625, karibu tani 57. Kwa kila mwanafunzi ni kilo 142 hivi.

Sasa tazameni vizuri hesabu hiyo. Sehemu tisa katika kila kumi zimetoka jikoni. Shule ikibadili balbu zote na kuzima jenereta moja kwa moja, itapunguza kidogo tu. Ikirekebisha jiko, itapunguza sana. Hiyo ndiyo faida ya kupima: inatuonyesha ugonjwa uko wapi, tusije tukafunga bendeji mguuni wakati kidonda kiko mkononi.

Angalizo moja. Msishindanishe shule ya Mang'ola na shule ya Nainokanoka kwa namba hizi. Kadiri tunavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Mang'ola, chini kwenye bonde la Eyasi, maji huchemka kwenye nyuzi 96 au 97. Ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Kwa hiyo maharage yale yale huiva polepole zaidi huko juu na kula kuni nyingi zaidi, bila uzembe wa mpishi yeyote. Tena kuna baridi, na watoto wa bweni wanahitaji maji ya moto. Kila shule ijilinganishe na yenyewe ya mwaka uliopita.

KUNI ZISIZO NA RISITI

Shule nyingi huwaambia watoto waje na kipande cha kuni. Kipande kimoja chaonekana si kitu. Lakini watoto 400 wakileta kipande cha kilo mbili kila mmoja, hizo ni kilo 800. Katika vitabu vya shule kuni hizo hazina bei, na hazimo kwenye ripoti. Je, zimelipwa na nani?

Zimelipwa na mama aliyeamka alfajiri kwenda porini, au na binti aliyekosa muda wa kusoma. Wanaoishi kando ya msitu wanajua kuwa huko kuna nyati na tembo. Mzigo wa kuni kichwani mara nyingi hufika kilo 20 na zaidi, na mama mjamzito au aliyetoka kujifungua haifai aubebe. Kwa hiyo kuni za watoto nazo zipimwe na kuandikwa. Kamati ya shule ikiona jumla yake, itafahamu kuwa chakula cha shule hakikupikwa bure.

JE, MTI UKIOTA TENA?

Msomaji makini atauliza: mti unapokua hunyonya hewa ukaa; basi tukichoma mti na kupanda mwingine, si tumelipa deni? Swali hili ni zuri. Ndiyo maana daftari la kuni liwe na safu mbili. Safu ya kwanza ni kuni za shamba la miti la shule au za wakulima wanaopanda upya, kama migrevilea ya mipakani. Hewa ukaa ya kuni hizo itanyonywa tena na miti inayokua. Safu ya pili ni kuni za msitu wa asili usiopandwa upya. Hizo ni deni lisilolipwa. Takwimu za Serikali zimeonyesha kuwa nchi yetu hupoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kila mwaka, na kuni na mkaa ni kati ya sababu zake.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho mti haurudishi, nacho ni moshi uliokwisha kuingia kifuani mwa mpishi.

MOSHI NA MAPAFU

Moshi wa kuni una chembe ndogo mno zinazopita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu. Una pia hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kwa hapa kwetu, Serikali imekuwa ikitaja vifo zaidi ya 33,000 kila mwaka.

Mpishi wa shule husimama katika moshi huo saa nyingi kila siku ya masomo, na wengine huwa na mtoto mgongoni. Magonjwa yanayotokana na moshi ni nimonia kwa watoto, kuziba kwa njia za hewa kwa watu wazima, ugonjwa wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Zingatieni haya:

- Kikohozi kinachofika wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza. Msiseme tu kuwa "ni moshi".
- Mpishi anayekosa pumzi anapotembea mteremko aliouzoea, aende hospitali.
- Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, awahishwe kituo cha afya. Vivyo hivyo mtoto ambaye kifua kinabonyea ndani au anashindwa kunyonya.
- Jiko la mkaa lisiwekwe kamwe katika bweni au chumba kilichofungwa, hata kama baridi ni kali. Kaboni monoksaidi huua watu usingizini.

TUFANYE NINI?

Baada ya kupima, matibabu yaanze na yale yasiyo na gharama.

Kwanza, mahindi na maharage ya makande yalowekwe usiku kucha. Yataiva kwa muda mfupi zaidi. Masufuria yafunikwe. Kuni zipasuliwe vipande vyembamba na kukaushwa chini ya paa kwa miezi kadhaa.

Pili, mafiga yaachwe. Jiko banifu la shule, lililojengwa kwa matofali kulizunguka sufuria na kuwekewa bomba la moshi, laweza kuokoa karibu nusu ya kuni. Shule yetu ya mfano ingeshuka kutoka tani 29 hadi tani 14 na nusu za kuni, na hewa ukaa ya kuni ingeshuka kutoka tani 51 hadi tani 25 na nusu. Moshi nao ungetoka nje.

Tatu, shule iwe na shamba la miti. Hekta moja iliyotunzwa, penye mvua ya kutosha, inaweza kutoa kama tani 5 hadi 10 za kuni kwa mwaka. Kwa tani 14 na nusu zinatakiwa ekari 4 hadi 7 hivi. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Nne, shule yenye ng'ombe wa maziwa ifikirie gesi ya samadi. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikieneza mitambo hiyo tangu miaka ya 1980. Samadi inayotoka mtamboni bado ni mbolea nzuri.

Tano, gesi ya mtungi au umeme. Mwaka 2023 Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa makadirio, shule yetu ya mfano ingehitaji kama tani 2 na nusu za gesi kwa mwaka, yaani mitungi 66 ya kilo 38. Hewa ukaa yake ni tani 7 na nusu badala ya tani 51. Tatizo ni kwamba gesi hulipwa kwa fedha taslimu, wakati kuni zililipwa kwa mgongo wa mama. Kamati ya shule iliyo na daftari la vipimo inaweza kwenda mbele ya halmashauri au mfadhili ikiwa na namba mkononi, na kueleza ni nini hasa inachoomba na kwa nini.

Wazazi, katika kikao kijacho cha shule ulizeni maswali matatu: Tunachoma kilo ngapi kwa siku? Zinatoka wapi? Mpishi wetu anakohoa? Kama hakuna anayejua majibu, ombeni mizani, chagueni wiki moja, na wanafunzi wa darasa la sita au la saba wafanye hesabu pamoja na mwalimu wao. Matokeo yaandikwe kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani jikoni. Mwakani wapime tena.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga huanza na kipimo.